Nguo Imekukataa: Namna ya Kuirudisha Dukani Ukiwa Dodoma

Kwa miaka mitatu nilishika duka la nguo la shangazi yangu katikati ya mji, mwendo mfupi kutoka Nyerere Square. Ukutani, juu ya kioo cha kujaribia, palikuwa na karatasi yenye herufi kubwa: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Hatukuiandika sisi. Shangazi aliinunua kwa kijana wa stika, kwenye fungu lile lile la "Kukopa harusi, kulipa matanga" na "Mali bila daftari hupotea bila habari". Naanza na hili kwa sababu nimewaona wateja wengi wakiisoma karatasi ile, wakaikunja suruali yao yenye zipu mbovu na kuondoka kimya kana kwamba wamesomewa hukumu. Ilikuwa stika tu.

Siku hizi mimi ni mnunuzi kama wewe, na nimesharudisha nguo mara kadhaa. Nyingine zilipokelewa, nyingine ziligomewa. Haya ndiyo ninayoyafuata.

Hatua ya 1: Jiulize, nguo ni mbovu au umebadili mawazo?

Wengi hushindwa hapa kabla hawajafika dukani, kwa sababu wanachanganya mambo mawili yasiyofanana.

La kwanza ni nguo yenye kasoro, au isiyolingana na ulichoambiwa. Mshono umeachia, zipu haipandi, muuzaji alisema pamba tupu kumbe ni nailoni, shati uliloambiwa jipya lina alama ya jasho kwenye kola. Hapa una haki. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatia masharti ndani ya mauzo hata kama hakuna aliyeyatamka: kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, kilichouzwa kwa sampuli kilingane na sampuli, na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo auze kitu chenye ubora wa kuuzika. Kuna na sharti ambalo wanunuzi hulisahau. Ukimweleza muuzaji kazi unayoitakia nguo, ukategemea ujuzi wake, basi nguo hiyo iifae kazi hiyo. Mzazi aliyesema mwezi wa kwanza, "Naomba sweta ya sare ya shule fulani, mtoto yuko darasa la tatu," akajibiwa, "Ndiyo hii hii, mama," kisha mtoto akarudishwa getini kwa sababu rangi si yenyewe, ana hoja nzito. Aliyeokota sweta mwenyewe bila kuuliza hana hoja hiyo.

La pili ni nguo nzima kabisa, ila umefika nayo nyumbani Kisasa au Nkuhungu, umeivaa kwenye mwanga wa kweli, ukaona imekukataa. Inabana kiuno. Rangi inakufifisha. Mwenzio ameangalia mara moja, akarudia chakula chake. Kwa nguo uliyoinunua mwenyewe dukani, ana kwa ana, hakuna sheria ya Tanzania inayomlazimisha muuzaji akurudishie hela kwa sababu hujaipenda. Wapo watakaokutajia siku 14 walizosoma mtandaoni. Hizo ni za Uingereza na nchi za Ulaya, na hata huko ni za manunuzi ya mbali, kama ya mtandaoni, si za mtu aliyeingia dukani, akashika nguo na kulipa.

Ulicho nacho katika fungu hili la pili ni makubaliano. Muuzaji akisema "isipokutosha lete nikubadilishie", ameahidi, na ahadi aliyokupa ili ununue ni sehemu ya biashara mliyofanya. Asiposema, unategemea hisani yake. Ndiyo maana kazi kubwa ya kurudisha nguo hufanyika kabla ya kuinunua.

Hatua ya 2: Sema kabla hujalipa

Ukiwa na hela mkononi, kila muuzaji ni ndugu yako. Tumia dakika hiyo. Uliza maswali manne bila haya: isiponitosha naweza kubadilisha? Ndani ya siku ngapi? Nikikosa saizi yangu, narudishiwa hela au lazima nichague kitu kingine? Na nikija siku wewe haupo, yupo mwingine atakayenielewa?

Swali la nne linaonekana dogo ila ndilo linaloleta ugomvi. Mhudumu wa asubuhi anakuahidi, jioni unamkuta mwenye duka, naye hakujui wala hajasikia kitu. Mwombe mhudumu aandike nyuma ya risiti, "Kubadilisha saizi, siku 3," aweke na jina lake. Nilipokuwa dukani niliombwa hivyo na wateja wachache sana, na hao wachache sikuwahi kubishana nao hata mmoja.

Kuna ujanja nitakupa ambao shangazi asingependa niutoe. Watu wa hapa tunamaliza nguvu zote kwenye bei. Tunavutana kuanzia elfu arobaini hadi thelathini na tano, tukishuka tunashukuru na kuondoka. Ukiona muuzaji amekaza kwenye hizo elfu mbili za mwisho, ziache, omba siku. "Haya kaka, chukua hiyo hiyo, ila unipe siku tano za kubadilisha." Kwake haimgharimu kitu wakati ule, kwa hiyo atakubali haraka. Kwako ina thamani kuliko elfu mbili.

Kama unamnunulia mtu mwingine, lisemee hilo pia. Gauni la mama aliyeko Mpwapwa au Kondoa haliwezi kujaribiwa siku hiyo hiyo. Linasubiri mtu wa kulipeleka, halafu linasubiri simu. Omba wiki nzima.

Hatua ya 3: Ikague mlangoni, siyo ndani

Sheria ina upande wa muuzaji pia. Ukiikagua nguo kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha huwezi kuilalamikia baadaye kuhusu ubora. Kwa hiyo ukikagua, kagua kweli.

Toka nayo hadi kwenye mwanga wa jua. Taa za ndani ya maduka mengi hubadilisha rangi, na bluu ya bahari huwa nyeusi. Pandisha na kushusha zipu mara tatu. Shika mshono wa paja na wa kwapa kwa mikono miwili, uvute kidogo uone kama uzi unacheka. Hesabu vifungo na matundu yake. Khanga ikunjue doti nzima, vipande vyote viwili, uone pindo limenyooka na maandishi hayajakatwa.

Halafu, hili ni la Dodoma hasa: jihadhari na nguo iliyovikwa sanamu nje ya duka. Jua la hapa na upepo wa vumbi wa miezi ya kiangazi havina huruma. Nguo iliyokaa nje wiki tatu hupauka mabegani wakati mgongo bado una rangi yake. Tulikuwa tunaziita "wazee wa kibarazani". Mwombe muuzaji iliyo ndani ya mfuko, saizi ile ile.

Kuhusu saizi, usiamini lebo. XL ya kiwanda kimoja ni M ya kingine. Mwombe fundi cherehani wa mtaani kwako akupime kifua, kiuno na nyonga kwa inchi, uandike kwenye simu, na utembee na futi ya kupimia kwenye mkoba. Wanaonunua mitumba soko la Sabasaba wanajua umuhimu wake, maana huko hakuna chumba cha kujaribia. Unavaa juu ya nguo zako huku umati unakusukuma.

Na mitumba je? Masharti ya mauzo yapo hata kwa nguo iliyovaliwa, ila ubora wake hupimwa kwa kuzingatia kwamba ni ya zamani na kwa bei uliyolipa. Ukiichagua mwenyewe kwenye rundo la elfu moja moja, ukaikuta na tundu nyumbani, mezea tu. Lakini ukiuziwa blauzi ya kamera, yaani mtumba wa daraja la juu, kwa elfu ishirini, muuzaji akasisitiza haina doa, hayo ni maelezo, na doa likionekana unaweza kumrudia. Hakikisha unakumbuka kizimba chake, maana rundo la leo kesho lina mtu mwingine. Nguo za ndani za mitumba usizinunue kabisa. Shirika la Viwango, TBS, limezipiga marufuku, na sidhani kama utapata ujasiri wa kwenda kudai haki yako juu ya kitu ambacho hakikupaswa kuwa sokoni.

Hatua ya 4: Risiti, na ile bei bila risiti

Umeshasikia: "Nikupe na risiti, au nikufanyie bei nzuri?" Swali hili limepoteza haki za wanunuzi wengi kuliko karatasi zote za ukutani. Punguzo la elfu tatu linakuondolea ushahidi kwamba ulinunua, lini, kwa nani na kwa shilingi ngapi. Siku ya kurudisha, muuzaji hahitaji hata kubishana kuhusu kasoro. Anasema tu, "Dada, hii siyo ya kwangu," na mazungumzo yamekwisha.

Lipo na lingine la hila zaidi: unapewa risiti, ila imeandikwa kiasi kidogo. Gauni umelilipia elfu themanini, risiti ya mashine inasema elfu ishirini. Unaichukua kwa sababu una haraka, au kwa sababu hukuisoma. Ukilirudisha, muuzaji akikubali, atakurudishia kilichoandikwa. Nimeliona hili likitokea duka la jirani, mteja akalia mbele ya watu, na karatasi ilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Soma risiti kabla hujaiweka kwenye mkoba. Jina la duka, tarehe, kiasi, kitu kilichonunuliwa. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ina msimbo unaoweza kuuhakiki kwa simu kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato, TRA, ukajua kama ni halali.

Kauli ya TRA, "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti," siyo ya muuzaji peke yake. Hata mnunuzi asiyedai anaweza kutozwa faini. Kwa machinga au mfanyabiashara mdogo asiye na mashine, omba risiti ya kuandikwa kwa mkono, au andika mwenyewe kwenye karatasi, aweke sahihi. Mkikosa hata hilo, lipa kwa simu badala ya taslimu. Ujumbe wa Lipa Namba unaonyesha jina, kiasi na muda, na haufifii kama wino wa risiti. Risiti nyingine ukiziacha kwenye dashibodi ya gari hapa Dodoma, wiki moja zinakuwa karatasi nyeupe. Zipige picha siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Itunze kama bado ni ya dukani

Usikate lebo. Usiifue. Usijipulizie manukato ndipo ujaribu. Na usiipeleke kwa fundi "apunguze kidogo". Kisheria unahesabika umeipokea nguo kama umemwambia muuzaji umeikubali, umeifanyia jambo ambalo ni la mwenye mali tu, au umekaa nayo muda mrefu kupita kiasi bila kumwambia unaikataa. Kukunja pindo la suruali ni jambo la mwenye mali. Kukata kitambaa ni zaidi, na hakuna muuzaji wa vitambaa atakayekusikiliza ukishapitisha mkasi. Pima mita zako palepale dukani. Zikipungua kwa makusudi, hilo ni la Wakala wa Vipimo.

Ukishaipokea, bado hujaishiwa kabisa. Nguo yenye kasoro unaweza kuidai fidia, ingawa kuirudisha na kuchukua hela yako yote kunakuwa kugumu.

Niwaambie pia tulichokuwa tunakiona upande wa pili wa kaunta. Mteja ananunua gauni Ijumaa, analivaa harusini Jumamosi, analirudisha Jumatatu akisema limembana. Lebo kaificha ndani kwa pini. Poda iko kwenye kola, harufu ya pilau iko kwenye mikono. Baada ya sikukuu ya Idi wanakuja watano kwa siku. Ukikuta muuzaji ananusa nguo yako kabla hajakujibu, usikasirike. Ameshaumwa na nyoka, sasa anashtuka akiona ung'ongo.

Hatua ya 6: Rudi mapema, ila siyo alfajiri

Mapema maana yake siku ya pili au ya tatu, hata kama una wiki. Sheria inazungumzia muda unaofaa bila kutaja siku, na kila siku inayopita inampa muuzaji neno la kusema.

Lakini saa ina maana yake. Wafanyabiashara wengi hawapendi kutoa hela kabla hawajauza kitu cha kwanza. Wanaona ni mkosi kwa siku nzima. Ukifika saa mbili asubuhi utaambiwa, "Sijafungua bado," na hataki kusema mlango, anasema biashara. Nenda saa nne au saa tano, siku ya katikati ya wiki. Usiende Jumamosi jioni duka limejaa, hapo muuzaji atajibu kwa ajili ya wale wanaosikiliza, siyo kwa ajili yako.

Ingia, salimia, subiri mteja aliyepo aondoke. Kisha sema jambo lako kwa mpangilio: lini, nini, kasoro gani, unataka nini. Mfano:

"Shikamoo mama. Juzi Jumatatu nilichukua suruali hii hapa, risiti hii. Nimeijaribu nyumbani, zipu inafika katikati inakwama. Sijaivaa kutoka nayo. Naomba unibadilishie nyingine, na kama saizi yangu haipo unirudishie hela."

Usianze na sheria. Ukianza na sheria unamfanya mtu atetee heshima yake, na akishaanza kutetea heshima hawezi kurudi nyuma. Iweke mfukoni hadi umeambiwa "hairudishwi".

Ukiambiwa hivyo kuhusu nguo yenye kasoro, sasa sema taratibu kwamba tangazo la ukutani linahusu mtu aliyebadili mawazo, siyo nguo mbovu. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na hilo linahusu pia kumpotosha juu ya haki alizonazo. Wengi hulegea wakisikia unaijua kwa jina.

Visingizio vitatu utakutana navyo. "Mwenye duka hayupo": omba namba yake, piga palepale. "Imeshasoma TRA", yaani mauzo yameshaingia kwenye mfumo wa kodi: hesabu za kodi zina utaratibu wa kurekebisha mauzo yaliyorudishwa, na hiyo ni kazi yake na mhasibu wake, si yako. "Mimi nimeuziwa hivyo hivyo Kariakoo": wewe hukununua Kariakoo, ulinunua kwake, naye atadaiana na aliyemuuzia. Hapa lakini uwe na busara kidogo. Mzigo mwingi wa nguo za hapa kweli unatoka Kariakoo, na tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwezi wa saba 2024, muuzaji anaweza kwenda na kurudi haraka kuliko zamani. Akisema, "Nashuka Dar Alhamisi, nakuletea nyingine," ni jibu la maana, mradi ataje siku na aandike. Bila siku, ni njia ya kukuchosha.

Na ukipewa kitu kingine usichokihitaji badala ya nguo mbovu, unaruhusiwa kukataa. Hili nililijua kwa kuchelewa. Mwaka mmoja nilinunua gauni la kipaimara cha mpwa wangu, mshono wa bega ukaachia wakati wa kujaribu. Muuzaji, mtu mpole sana, alinisifia nikasahau nilichokuja kudai. Nikatoka na mikanda miwili na skafu. Mpwa wangu aliingia kanisani na gauni la kuazima.

Hatua ya 7: Andika

Ikishindikana kwa mdomo, tuma ujumbe siku hiyo hiyo, kwa WhatsApp au SMS ya kawaida. Sheria ya mauzo haimlazimishi mnunuzi aliyeikataa bidhaa kwa haki airudishe kwa miguu yake. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa. Ujumbe huo ndio taarifa yako:

"Habari za leo. Tarehe 4 nilinunua kwako gauni la bluu saizi 14 kwa Sh 65,000, risiti ninayo. Mshono wa bega umeachia kabla sijalivaa, picha hizi hapa. Nilikuja tarehe 6 ukaniambia halirudishwi. Ninalikataa kwa sababu lina kasoro na naomba unirudishie Sh 65,000 kabla ya tarehe 13. Gauni liko tayari, unaweza kulichukua wakati wowote."

Usitukane, usitishie, na usikimbilie kuliweka jina la duka kwenye makundi ya mtaa na neno "matapeli" mbele yake. Ukichapisha jambo unalojua si la kweli kwa nia ya kumchafua mtu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kukugeuza wewe kuwa mlalamikiwa.

Hatua ya 8: Panda ngazi, kama inafaa kupanda

Niseme ukweli: kwa fulana ya elfu kumi na mbili, mimi naishia hatua ya saba. Nauli na siku ya kazi vinamaliza thamani yake. Kwa suti, shela, au sare za watu ishirini wa kamati ya harusi, endelea.

Kwenye masoko na maeneo ya machinga, anza na uongozi wa soko. Wanamjua muuzaji, wanamhitaji awe na jina zuri, na wanaamua papo kwa papo. Hii ndiyo ngazi niliyoiona ikifanya kazi haraka kuliko zote.

Kwa maduka, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo wengi huiita FCC. Ndiyo iliyoundwa na ile sheria ya 2003 na kulinda walaji ni sehemu ya kazi yake. Peleka nakala ya risiti, picha, na ule ujumbe wa hatua ya saba. Pia bidhaa ikiwa bandia, mfano raba au jezi uliyouziwa kwa bei ya halisi kumbe ya kuigiza, Tume ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Usiitupe kwa hasira, ni ushahidi.

Ngazi ya mwisho ni Mahakama ya Mwanzo. Inasikiliza madai ya fedha yanayotokana na mikataba hadi shilingi milioni 30, inaendeshwa kwa Kiswahili, na huhitaji wakili kusimama mbele yake. Ukitaka mtu wa kukusaidia kupanga maelezo, watafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Msaada wao ni wa bure kwa wasio na uwezo.

Ukinunua mtandaoni

Hapa mambo yanageuka, na yanageuka kwa faida yako. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inampa mlaji aliyenunua kwa njia ya kielektroniki nafasi ya kughairi ndani ya siku saba baada ya kupokea bidhaa, bila kulazimika kutoa sababu, akibeba tu gharama ya kuirudisha. Yaani yule aliyebadili mawazo, asiye na kitu dukani, mtandaoni ana siku zake.

Shida ni kumpata muuzaji. Kurasa nyingi za nguo zinazotuma mzigo Dodoma hazina duka wala anuani, zina namba ya simu na picha zilizochukuliwa kwa wengine. Kabla ya kutuma hela, omba video fupi ya nguo yenyewe, ikionyesha lebo na mishono, huku anataja jina lako na tarehe ya siku hiyo. Anayeuza kwa picha za watu hawezi kuitengeneza. Linganisha jina linalotokea kwenye malipo na jina la anayeuza, na hifadhi mazungumzo yote, hasa pale aliposema saizi, kitambaa na rangi.

Mzigo ukifika kwa basi, ufungue palepale kwenye ofisi ya vifurushi kabla ya kusaini, mwenzio akikurekodi kwa simu kuanzia mfuko ukiwa bado umefungwa. Kama nguo siyo yenyewe, mwambie karani aandike hivyo kwenye stakabadhi ya mzigo, mpigie muuzaji ukiwa bado umesimama hapo kaunta, na mkikubaliana kuirudisha, itume kwa basi la kampuni ile ile jioni hiyo hiyo, ukiandika juu ya mfuko "INARUDISHWA", tarehe na namba ya stakabadhi ya kwanza.